KENGELENI: HABARI ZA FRERETOWN NA WATU WA KISAUNI

(Haya ndiyo maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mmoja mstaafu mbele ya mkutano wa wakazi wa Kisauni, Mombasa. Tumeyachapa kama alivyoyasema, ila mahali pachache tulipofupisha.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mtaa wetu huu, jinsi ulivyoanza na jinsi ulivyojaa watu. Nilipoletewa ombi hilo nilicheka kidogo, maana mimi siwezi kujiita mtu wa asili ya hapa. Marehemu baba yangu alitoka bara katika miaka ya 1950, akaja kutafuta kazi katika kiwanda cha saruji kule Bamburi. Alipanga chumba hapa Kisauni, na katika chumba hicho ndimo nilimozaliwa. Basi nikajiuliza: je, ikiwa msemaji wa leo ni lazima awe mtu wa asili, tungempata nani katika Kisauni nzima? Swali hilo ndilo lililonifanya nikubali kuja. Tunasikia mara nyingi, na hasa siku za uchaguzi zikikaribia, watu wakigawanywa kwa maneno haya mawili, mwenyeji na mgeni. Naomba leo tuyaweke maneno hayo mezani, tuyatazame kwa mambo yaliyotokea katika ardhi hii tunayoikanyaga.

Kila mmoja wetu akipanda matatu kule kisiwani humsikia makanga akiita, "Kengeleni! Kengeleni!" Tunalipa nauli, tunavuka daraja, tunashuka, kila mtu akashika njia yake. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kusimama wakaitazama kengele yenyewe? Iko pale pale penye njia panda, barabara ya kwenda Malindi inapoachana na ile ya Nyali, imetundikwa katika mnara mdogo. Magari huizunguka, wachuuzi hupanga bidhaa zao karibu nayo, na vumbi limeizoea. Husimuliwa kwamba zamani ililizwa ili kuwaonya watu yanapoonekana majahazi ya wafanya biashara ya watumwa. Kadhalika ndiyo iliyowaamsha watu, ikawapeleka shambani, ikawaita watoto darasani na wote pamoja kanisani. Siku zile watu wa Freretown waliishi kwa sauti ya kengele, na baadaye nitasema kwamba si kila mtu aliyeipenda sauti hiyo.

Kabla ya mwaka wa 1875 upande wetu huu ulikuwa mashamba na vijiji vichache. Waungwana wa Mombasa walikaa kisiwani, na ng'ambo hii ya mkono wa bahari walikuwa na minazi yao na mashamba ya nafaka. Wengi wa waliolima walikuwa watumwa. Jina la Kongowea, ambalo leo watu hulijua kwa sababu ya soko kubwa, ni jina la kale sana. Washairi wa zamani walilitumia kuitaja Mombasa yenyewe. Wamijikenda nao walikuwa wakiteremka kutoka vilimani na mazao yao kuja kufanya biashara na watu wa mji. Kwa hiyo asifikiri mtu kwamba palikuwa pori tupu lisilo na jina. Mwaka wa 1844 Dakta Krapf, yule Mjerumani mmisionari, alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga upande huu huu wa bara, na kaburi lipo hata leo. Miaka miwili baadaye mwenzake Rebmann alifika, wakaenda kukaa Rabai, na Rabai itarudi tena katika habari hii.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana chanzo cha Freretown hakikuwa Mombasa peke yake. Katika karne ile ya 19 manowari za Kiingereza zilikuwa zikizunguka katika Bahari ya Hindi na kuyakamata majahazi yaliyopakia watumwa. Mtu aliyekuwa ndani ya jahazi lililokamatwa aliambiwa yu huru. Vema, lakini huru wa kwenda wapi? Kijana wa Kiyao aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa, akatembezwa miezi mingi hadi pwani, akauzwa, akapakiwa, hakuweza kushushwa ufukoni akaambiwa aende kwao. Angalikamatwa tena kabla jua halijatua. Kwa hiyo wengi walipelekwa mbali, wengine Aden, wengine visiwa vya Ushelisheli, na wengine Bombay katika Bara Hindi. Huko, karibu na mji wa Nasik, palikuwa na kituo cha wamisionari wa Kanisa la Kiingereza ambacho kiliwapokea watoto wa Kiafrika. Walifundishwa kusoma na kuandika, useremala, uhunzi na kazi nyingine za mikono. Msimamizi mmoja wa kituo hicho aliitwa William Salter Price.

Walipewa pia majina mapya. Jambo hili ningependa tulikalie kidogo. Palikuwa na kijana wa Kiyao aliyeitwa na wazazi wake Chengwimbe. Katika vitabu anajulikana kwa jina la Matthew Wellington. Mwenzake mwingine aliitwa Jacob Wainwright, mwingine William Jones. Ukiyasoma majina hayo bila kuambiwa, utadhani ni maofisa wa manowari. Kumbe ni watoto wa Nyasa na wa Ruvuma, waliopoteza baba, mama, kijiji na lugha, na mwisho wakapoteza hata yale majina waliyopewa na wazazi wao. Chengwimbe ana bahati kwamba jina lake la kwanza limehifadhiwa. Kwa wengine wengi hatuna hata hilo.

Vijana hao wa Nasik walijulikana baadaye kwa jina la Waafrika wa Bombay, nao si watu wa kudharauliwa. Baadhi yao walipelekwa kumfuata Dakta Livingstone barani, na alipofariki mwaka wa 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Wainwright na Wellington walikuwamo katika msafara wa Susi na Chuma uliouchukua mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo. Walifika mwezi wa Februari 1874. Wainwright alisafiri na maiti mpaka Uingereza akahudhuria mazishi. Wellington yeye alirudi pwani hii, akaishi maisha marefu, akafa mwaka wa 1935. Wazee wa wazazi wetu walimwona kwa macho yao.

Mwaka huo huo wa 1873 yalitokea mambo makubwa Unguja. Serikali ya Kiingereza ilimtuma Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa Gavana wa Bombay, amwombe Sultani Barghash apige marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Sultani alikataa. Frere akaondoka mikono mitupu. Hata hivyo, tarehe 5 Juni, baada ya kutishwa kwamba kisiwa chake kitazingirwa na manowari, Sultani alitia sahihi mkataba mbele ya balozi John Kirk, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa hiyo jina la Frere limebaki hapa kwetu, ingawa kazi ya mwisho ilifanywa na mwingine. Jambo alilofanya Frere ni kuwashauri wamisionari waanzishe makao ya watu waliookolewa hapa hapa Afrika, badala ya kuwavusha mpaka Bara Hindi.

Bwana Price alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka wa 1874. Mwaka uliofuata alinunua ardhi hapa Kisauni na makao mapya yakaitwa Freretown. Waafrika wa Bombay wapatao 150 waliletwa kutoka ng'ambo wawe msingi wa mji, yaani mafundi, walimu na viongozi. Kisha manowari zikaanza kuwaleta watu waliotolewa majahazini siku zile zile, wengi wao wamekonda, wagonjwa, na watoto wasiojua walikotoka. Walipewa vyakula mpaka wavune mavuno yao ya kwanza, wakapewa vipande vya kulima, wakajenga nyumba zao kwa safu.

Jaribuni kufikiri usiku wa kwanza wa watu wale. Hapa Myao, pale Mmakua, pale mtu wa Nyasa. Na yule kijana wa Bombay, ambaye kwa damu ni ndugu yao, anazungumza Kiingereza na lugha za Kihindi, amevaa suruali, naye anajiona ni mstaarabu kuliko wao. Hawasikilizani. Wanaweza kufahamiana kwa lugha gani? Ni Kiswahili tu, tena Kiswahili cha kuokoteza kwanza, cha "leta maji" na "njoo hapa". Katika kizazi kimoja watoto waliozaliwa Freretown hawakuwa na lugha nyingine ya mama. Siku hizi tunasikia wataalamu wakishangaa kwamba vijana wa mijini hawajui lugha za babu zao, kana kwamba ni jambo la juzi. Hapa Kisauni lilianza miaka 150 iliyopita.

Nisije nikawadanganya kwamba Freretown ilikuwa bustani ya raha. Watu walikuwa huru, lakini hawakuwa huru kufanya wapendavyo. Kengele ilipolia ilikuwa lazima waamke; ilipolia tena, wakalime. Waliokosa waliadhibiwa, na adhabu zenyewe ziliwahi kuwa za viboko na kufungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko yalizidi hata yakafika kwa wakubwa, uchunguzi ukafanywa, na msimamizi wa wakati huo akaondoka. Mtu aliyevuliwa pingu za jahazi, kisha akapigwa viboko na yule aliyemwambia "uko huru", alifikiri nini juu ya neno hilo? Naona ni haki tuliseme, kwa sababu sifa za wamisionari zimeandikwa vya kutosha, nazo nyingi ni za kweli, lakini waliopigwa hawakuandika kitu.

Kisiwani nako palikuwa na hasira. Waungwana wenye watumwa waliiona Freretown ni mlango ulioachwa wazi. Mtumwa akitoroka shamba, huyo amekwenda kwa wamisheni. Mwaka wa 1880 ilikaribia kuwa vita. Watu wa mji walitishia kuja kuyateketeza makao haya. Wamisionari walikuwa katika shida, maana mkataba wa Sultani ulizuia biashara ya baharini, lakini haukuwafungua watumwa waliokuwa tayari mashambani. Kwa sheria ya wakati ule, mtoro alikuwa bado mali ya bwana wake. Wakubwa Wazungu waliagiza watoro wasipokewe. Lakini walimu Waafrika, na hasa wale wa Bombay waliokuwa Rabai, waliyaelewa maagizo hayo kwa namna yao wenyewe. Wao walikuwa wamekwisha kuwa ndani ya jahazi. Walimwonaje mtu anayebisha mlango usiku, wakamrudisha? Watoro wakaongezeka Rabai mwaka hata mwaka.

Mambo yalifika kikomo mwaka wa 1888, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipoanza kutawala pwani. Mkubwa wake, George Mackenzie, aliona kwamba ghasia ya watoro ingeiharibu kazi yake kabla haijaanza. Akapatana na mabwana kwamba walipwe fedha, na watumwa wapewe hati za uhuru. Siku ya Mwaka Mpya wa 1889, kule Rabai, hati zikagawiwa. Watu waliokombolewa kwa mapatano hayo walizidi 1,400. Fedha, kama mlivyosikia, walipewa waliowamiliki. Aliyelima miaka ishirini bila ujira alipewa karatasi. Hata hivyo karatasi ile ilithaminiwa kuliko dhahabu. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria katika pwani yetu mpaka mwaka wa 1907.

Katika wale walimu wa Bombay, William Jones ndiye ninayemheshimu zaidi. Mwaka wa 1885 yeye na mwenzake Ishmael Semler walitiwa ukasisi wa daraja la kwanza na Askofu Hannington. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini. Askofu alimwacha Jones nyuma na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia, na kule Busoga akauawa mwezi wa Oktoba. Jones alingoja kwa hofu, akapata habari, akawakusanya wapagazi, na mwanzoni mwa mwaka wa 1886 akawafikisha Rabai. Mtu aliyeuzwa akiwa mtoto aliwarudisha salama mamia ya watu kutoka katika nchi ambayo hata Wazungu waliiogopa. Ukienda leo ukawauliza watoto wa shule za hapa Kisauni, Hannington wanaweza kumtaja. Jones hawamjui. Nimefundisha miaka mingi, na kosa hilo ni letu sisi walimu.

Baada ya Serikali ya Kiingereza kushika nchi mwaka wa 1895, na reli kuanza kujengwa mwaka uliofuata, Freretown iliingia katika wakati wake wa fahari. Watu wake walikuwa wamesoma, nao watu waliosoma walikuwa wachache mno. Walitakiwa kila mahali: makarani, wakalimani, mafundi, walimu. Shule ya kuwafundisha makasisi iliyoanzishwa hapa mwaka wa 1888 ndiyo mama wa chuo cha Mtakatifu Paulo cha Limuru, ambako ilihamishiwa mwaka wa 1930. Mwaka wa 1934 mwana wa Freretown, James Mbotela, alichapisha kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kinachosimulia kutekwa kwa wazee wake na kuokolewa kwao. Kitabu hicho kimelaumiwa na wengine kwamba kinawasifu mno Waingereza. Lawama hiyo naielewa, lakini namwelewa na mwandishi: mtu ambaye baba yake hakutolewa katika jahazi asiharakishe kumcheka yule ambaye wazee wake walitolewa humo. Kutoka ukoo huo alitoka Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952, na pia Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki mwaka wa 2025, ambaye sauti yake katika "Je, Huu ni Ungwana?" iliingia karibu kila nyumba ya Kenya yenye redio. Kiswahili kile kilichoanza kwa kuokoteza kilifika mbali.

Lakini sasa nifikie ardhi, maana naona wazee wa mbele wamekwisha kuanza kunong'ona.

Ardhi ya Freretown ilinunuliwa na misheni, na kwa jina la misheni ndivyo ilivyoandikwa. Wale waliolima, wakajenga, wakazika wazee wao humo, hawakuwa na hati mikononi. Ilipotungwa sheria ya mwaka wa 1908 ya kuandikisha milki za pwani, kila mwenye madai alitakiwa kuja mbele ya ofisa na kuthibitisha. Waliokuwa na nyaraka, au mashahidi, au ujuzi wa mambo ya ofisi, walipata hati. Wamijikenda wengi hawakupata, wala waliokuwa watumwa. Matokeo yake ndiyo yale tunayoyajua sote hapa Kisauni, jambo ambalo mgeni akielezwa hufikiri anachezewa: nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake, kuta zake, mabati yake, hata huipangisha na kuirithisha. Lakini udongo uliomo chini ni wa mtu mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Pengine hajapata kumwona mwenye ardhi uso kwa uso; humjua mkusanyaji tu. Siku mwenye ardhi akiuza, mwenye nyumba ana matofali tu.

Haya yalivumilika watu walipokuwa wachache. Mpaka mwaka wa 1931 mtu wa Kisauni aliyetaka kwenda mjini alivuka kwa chombo. Mwaka huo lilifunguliwa daraja la Nyali, daraja la kuelea, na waliovuka walitozwa ushuru. Halafu vikaja viwanda, mahoteli ya ufukoni na bandari iliyozidi kupanuka, na wafanya kazi wakatafuta mahali pa kulala penye kodi nafuu. Ndipo alipokuja baba yangu na wenzake. Mwaka wa 1980 daraja la sasa likafunguliwa, na tangu hapo mlango haukufungwa tena. Walikuja Wagiriama, Waduruma, Wachonyi, Wakamba, Wataita, Waluo, Waluhya, Wakikuyu. Mashamba ya minazi yakawa viwanja, viwanja vikawa majumba, majumba yakawa ya ghorofa.

Naomba mnivumilie kwa tarakimu kidogo. Nitazitaja chache tu. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1962 ilionyesha kwamba Mombasa nzima, kisiwa na pande zote za bara, ilikuwa na watu 179,575. Mwaka wa 1989 walikuwa 461,753. Hesabu ya mwaka wa 2019 ilipata watu 1,208,333. Katika hao, kisiwani, yaani Mvita, walikuwamo 154,171 tu. Upande wetu huu, Nyali walikuwa 216,577 na Kisauni 291,930, jumla watu 508,507. Tazameni basi: Nyali peke yake ilikuwa imepita Mombasa nzima ya mwaka wa 1962. Wale waungwana waliokuwa wakikutazama huku ng'ambo kama shamba lao, wangefufuka leo wangeona shamba limezaa mji mara tatu ya ule mji wao.

Na Freretown iko wapi katika bahari hiyo ya watu? Jina lipo, ni wadi mojawapo ya Nyali, na wanaokaa ndani ya wadi hiyo wengi wao, kama mimi, wametoka kwingine. Kanisa lipo, kengele ipo. Jamaa za asili zilizobaki mtu anaweza karibu kuzihesabu kwa majina, na hata hao vijana wao wametawanyika Nairobi na nchi za nje.

Jirani yangu mmoja, mama mzee wa jamaa hizo, alinisimulia habari ya karani wa hesabu wa mwaka wa 2019. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia, akauliza idadi ya watu nyumbani, akauliza habari za maji na choo, kisha akauliza, "Bibi, kabila lako?" Mama akamwambia kwamba babu yake mzaa baba alikuwa Myao, bibi yake Mmakua, upande wa mama kuna mtu wa Bombay ambaye hakujua kabila lake, na marehemu mumewe alikuwa Mrabai. Kijana akakuna kichwa. Akasema ni lazima achague moja, kwa kuwa kila kabila lina namba yake. Mama akamjibu, "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa, mama yangu amezaliwa hapa, na mama yake amezaliwa hapa. Wewe kwenu ni wapi?" Kijana akasema kwao ni mbali, yeye alikuja Mombasa kusoma. Wakacheka wote wawili. Mwisho kijana aliandika kitu, akaaga. Kitu gani aliandika, yule mama hajui mpaka leo.

Nimekifikiria sana kisa hicho. Vizazi vinne katika udongo mmoja, na bado mtu huyu ndiye anayeambiwa, siku za siasa, kwamba babu zake walikuja kwa meli. Ni kweli walikuja kwa meli. Hawakukata tiketi. Nami niliyezaliwa katika chumba cha kupanga, ambaye baba yangu alikuja kwa gari moshi kwa hiari yake, siambiwi neno, kwa kuwa kabila langu lina namba. Mtu akinieleza mantiki yake nitamshukuru.

Sasa nina maombi mawili, kisha nitawaachia nafasi ya kuuliza maswali.

Ombi la kwanza ni kwa jamaa za Freretown na za Rabai. Najua katika baadhi ya nyumba zenu mna masanduku yenye karatasi za zamani: vyeti vya ubatizo na vya ndoa, barua za misheni, risiti za kodi ya ardhi, picha, pengine hata hati ya uhuru ya mwaka wa 1889. Msizitupe, wala msimkabidhi mgeni yeyote anayesema atakwenda kuzipiga picha kisha arudi. Zipigeni picha wenyewe. Wajukuu wenu wana simu. Andikeni nyuma ya kila picha ni nani aliyekaa na ni nani aliyesimama, wakati yupo bado anayejua. Kisha karatasi zenyewe zipelekeni katika nyaraka za taifa au makumbusho, mpewe maandishi ya kupokelewa. Mambo ya ardhi yanapofika mahakamani, risiti moja ya mwaka wa 1930 ina nguvu kuliko wazee kumi wanaoapa.

Ombi la pili ni kwetu sisi tuliokuja baadaye, ambao ndio wengi. Makaburi ya zamani yanazidi kumegwa. Mtu anapata kiwanja, anachimba msingi, anakuta mifupa, anainyamazia kwa kuwa fundi analipwa kwa siku. Namsihi kila anayejenga karibu na makaburi hayo asimame kwanza, aende kanisani au kwa wazee wa mtaa, aulize ni jamaa ya nani. Wengine wa watu wale hawakuwa na majina yaliyoandikwa popote isipokuwa juu ya jiwe, na majiwe yenyewe ndiyo hayo yanayobebwa kujengea kuta.

Mzee aliyeinua mkono pale mbele nimemwona. Nadhani ana neno juu ya mpaka wa shamba la misheni, na naona ameshika karatasi. Mzee, karibu.